Kupogolea nyanya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu machipukizi ya pembeni

Kati ya kazi zote za shamba la nyanya, kupogolea ndiko kunakofanywa zaidi kwa kuigana. Jirani ameondoa machipukizi, na sisi tunaondoa, bila kuuliza kama alichopanda yeye ndicho tulichopanda sisi. Hasara kubwa huanzia hapo. Kwa hiyo kabla hujagusa mche hata mmoja, soma kwanza majibu manne ya mwanzo.

Chipukizi la pembeni ni lipi hasa?

Simama mbele ya mche wenye urefu wa sentimita 40 hivi. Fuata shina kuu kwa macho kutoka chini kwenda juu. Kila mahali jani linapoungana na shina pana kona, na hiyo kona tunaiita kwapa la jani. Kitu kinachochomoza kwapani, kati ya jani na shina, ndicho chipukizi la pembeni. Wengine huyaita maotea. Likiachwa linakuwa shina kamili lenye majani yake, maua yake na machipukizi yake mengine.

Kishada cha maua hakitoki kwapani. Kinatoka kwenye shina lenyewe, katikati ya pingili, mahali pasipo na jani. Kanuni hii moja inatosha kumzuia kibarua mgeni asing'oe maua akidhani anaondoa machipukizi: kilichotoka kwapani ni chipukizi, kilichotoka ubavuni mwa shina ni matunda ya kesho.

Je, ni lazima kuyaondoa?

Inategemea aina ya nyanya uliyopanda. Nyanya ndefu, zile zinazoendelea kurefuka hadi uzikate, zinahitaji kupogolewa mara kwa mara, hasa zikisimamishwa kwa kamba au kulimwa kwenye kitalu nyumba. Nyanya fupi, zile zinazofika urefu fulani na kuacha kurefuka zenyewe, hazitakiwi kupogolewa isipokuwa usafi kidogo wa chini ya kishada cha kwanza.

Nitajuaje kama nyanya yangu ni fupi au ndefu?

Anzia kwenye pakiti ya mbegu. Maandishi huwa ya Kiingereza: "determinate" ni fupi, "indeterminate" ni ndefu. Cal J, Rio Grande, Roma VF na Assila F1 ni fupi. Moneymaker na Anna F1 ni ndefu. Kama miche umeinunua kwa mtu na pakiti huioni, muulize jina la mbegu kabla ya kulipa, kisha uliandike.

Usipolipata jina, mche wenyewe utakuambia. Subiri hadi vishada viwili au vitatu vya maua vionekane kwenye shina kuu, kisha hesabu majani yaliyo kati ya kishada kimoja na kinachofuata. Nyanya ndefu huweka majani matatu kati ya kishada na kishada, na haibadilishi mpango huo. Nyanya fupi huweka majani mawili, kisha moja, kisha kilele chenyewe kinaishia kwa kishada cha maua na shina halina tena pa kwenda. Ukiona kileleni maua tu bila ncha changa ya majani, hiyo ni fupi.

Tabia hiyo ya kujifunga ilijitokeza yenyewe kwenye nyanya huko Florida, Marekani, mwaka 1914, na wazalishaji wa mbegu wakaichukua kwa sababu mche mfupi huivisha matunda yake karibu kwa pamoja. Ndiyo maana aina fupi zinapendwa na wanaovuna kwa matenga mengi kwa mkupuo.

Zipo pia za kati, zinazorefuka kuliko fupi lakini hazifiki mbali. Hizo ziachie mashina mawili au matatu, usizipunguze zaidi ya hapo.

Kwa nini nyanya fupi zisipogolewe?

Kwa sababu mavuno yake yako kwenye machipukizi hayo hayo. Shina kuu la Cal J linatoa vishada vichache tu kisha linajifunga. Matunda mengine yote yanabebwa na matawi ya pembeni. Ukiyaondoa unabaki na kijiti kimoja chenye vishada vinne au vitano, na hakuna kitakachorudi kwa sababu kilele kimeshafungwa. Juu ya hayo, majani yaliyobaki hayatoshi kufunika tunda, na jua linalibabua.

Kinachofaa kwenye nyanya fupi ni kazi moja, inayofanyika mara moja: ondoa machipukizi ya chini kabisa, yale yanayolala au yatakayolala kwenye udongo, ukipanda juu hadi ukaribie kishada cha kwanza. Chipukizi lililo moja kwa moja chini ya kishada cha kwanza liache. Yote yaliyo juu yake yaache pia. Baada ya hapo weka mikono yako kwenye kamba na palizi.

Nimeshapogolea nyanya fupi kama ndefu. Nifanyeje?

Acha leo hii. Kama mche bado ni mchanga na una kwapa zenye vichipukizi vidogo, viache vyote, hata vya chini, mradi havigusi udongo. Mwagilia kwa mpangilio, weka mbolea kama ratiba yako ilivyo, usiizidishe kwa hofu. Kwapa ambalo chipukizi lake liling'olewa likiwa bichi wakati mwingine hutoa jingine. Pale ulipokata hadi kwenye ngozi ya shina hapatoi tena.

Kwenye nyanya ndefu, kuondoa machipukizi kunaongeza mavuno?

Kunaongeza ukubwa wa tunda na kuwahisha uivaji. Mche mmoja mmoja hauongezi idadi ya matunda, bali unaipunguza. Mche uliopogolewa hadi shina moja una matunda machache kuliko uliochanua ovyo, lakini matunda yake ni makubwa, yanalingana na yanawahi. Faida kwa ekari inakuja kwa kuwa miche ya shina moja inasogezwa karibu karibu, kwa hiyo inaingia mingi zaidi.

Ukipogolea hadi shina moja huku ukipanda kwa nafasi za mche wa kichaka, umepoteza pande zote mbili: matunda machache kwa mche, na miche michache kwa ekari. Kosa hili tunaliona mara nyingi kuliko tungependa.

Faida nyingine kubwa ni hewa. Majani ya mche uliofunguka hukauka upesi baada ya umande au mvua, na dawa ya kupulizia inafika hadi ndani. Mkulima wa nyanda za baridi, kama Lushoto au Kilolo, analijua hili kwa uchungu: bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani na matunda, hustawi panapokuwa na baridi na majani yenye unyevu muda mrefu, na kichaka cha nyanya kinautunza unyevu huo hadi saa nne asubuhi.

Shina moja au mashina mawili?

Yote mawili yanafaa, ila hesabu zake ni tofauti. Chukua nafasi ya sentimita 90 kati ya mistari.

Kwa shina moja, panda sentimita 45 kati ya mche na mche. Ekari moja inabeba miche takriban 10,000, ambayo ni mashina 10,000. Kwa mashina mawili, panda sentimita 60. Ekari inabeba miche takriban 7,500, lakini mashina ni 15,000. Kwa hiyo ukinunua mbegu chotara za bei, mashina mawili yanakupa mashina mengi zaidi kwa mbegu chache zaidi. Gharama inayoongezeka ni ya kamba, mikono na mbolea. Tunda linapungua kidogo ukubwa na linachelewa siku chache.

Maoni yetu: kwenye kitalu nyumba chenye nafasi finyu na soko linalolipia ukubwa, chukua shina moja. Shamba la wazi lenye jua kali, chukua mawili, kwa sababu shina la pili linaleta kivuli juu ya tunda. Matatu yanawezekana kwa nyanya ndogo za vishada virefu, si kwa nyanya kubwa.

Shina la pili linachaguliwa hivi: acha chipukizi lililo chini tu ya kishada cha kwanza cha maua. Hilo huwa na nguvu kuliko yote na hukimbizana na shina kuu. Ukiacha la chini zaidi, utapata shina jembamba linalobaki nyuma msimu mzima. Baada ya kulichagua, mengine yote yanaondoka, kwenye mashina yote mawili.

Nianze lini, na nirudie kila baada ya muda gani?

Anza kishada cha kwanza cha maua kinapoonekana, kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne baada ya kupandikiza miche shambani. Kabla ya hapo mche unahitaji kila jani ili ujenge mizizi.

Ukishaanza, pita kila baada ya siku 7. Kipindi cha joto ndani ya kitalu nyumba pita mara 2 kwa wiki. Chipukizi zuri la kuondoa lina urefu wa sentimita 3 hadi 5. Likiwa dogo zaidi ya hapo vidole vinalikosa au vinachuna ngozi ya shina. Likipita sentimita 10 limeshakula chakula kingi na kidonda chake kinakuwa kikubwa.

Saa nzuri ni asubuhi baada ya umande kukauka, tuseme kuanzia saa tatu. Mche unakuwa umejaa maji, chipukizi linakatika kwa mlio, na kidonda kina mchana mzima wa kukauka. Jioni kidonda kinalala kibichi. Siku ya mvua usipogolee kabisa, wala usiingie shambani siku inayofuata kabla majani hayajakauka.

Linaondolewaje kwa mkono?

Shika chini kabisa ya chipukizi kwa kidole gumba na cha shahada. Linamishe upande mmoja hadi usikie limevunjika, kisha lirudishe upande wa pili. Linatoka zima, na pale kwapani panabaki kovu dogo la mviringo, bichi, lenye unyevu kidogo. Kufikia jioni kovu linakuwa kavu la rangi ya kahawia.

Usivute kuelekea chini. Ukivuta chini chipukizi linaondoka na utepe wa ngozi ya shina, wakati mwingine sentimita 3 au 4, na huo ndio mlango wa ukungu na bakteria. Usikate kwa kucha pia, kwa sababu kucha inaacha kisiki na kisiki kinaoza.

Baada ya miche ishirini hivi vidole vitakuwa na utando wa kijani unaogeuka mweusi na harufu kali ya nyanya. Hiyo ni kawaida. Lakini ndiyo maji ya mche yenyewe, na chochote kilichomo ndani yake unakipeleka kwenye mche unaofuata.

Mkasi au kisu vinafaa?

Kwa machipukizi madogo mkono ni bora, kwa kuwa hausukumi majimaji kutoka kidonda hadi kidonda kama makali ya chuma. Mkasi unafaa kwa chipukizi lililokomaa na kwa majani ya chini. Ukiutumia, beba miwili: mmoja unafanya kazi, mwingine umelowekwa kwenye dawa, na unabadilisha kila mche au angalau kila mstari.

Dawa ya kulowekea:

- Spiriti ya asilimia 70. Inafaa kwa bakteria na ukungu, na haiozeshi chuma.
- Dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5: sehemu 1 kwa maji sehemu 6. Loweka angalau dakika 1. Changanya mpya kila siku kwani inaishiwa nguvu haraka, kisha suuza na upake mafuta mkasi jioni usishike kutu.
- Maziwa ya unga yasiyo na mafuta: gramu 200, jazia maji hadi ifike lita 1. Haya ni kwa ajili ya virusi vya batobato vya tumbaku, ambavyo spiriti haiviui kwa uhakika. Chovya mikono na mkasi kila baada ya mche. Protini ya maziwa huvifunga virusi hivyo visishike.

Anayevuta sigara au kutumia ugoro anawe mikono kwa sabuni na maji mengi kabla ya kugusa nyanya. Virusi vya batobato hubaki hai ndani ya tumbaku iliyokaushwa.

Ni magonjwa gani yanayosambazwa na kupogolea?

Yale yanayosafiri kwa majimaji ya mche. La kwanza ni batobato ya tumbaku: majani yanakuwa na mabaka ya kijani kilichokolea na kilichopauka, machanga yanajikunja au kuwa membamba. La pili ni ugonjwa wa bakteria unaokausha ukingo wa majani kutoka nje kuingia ndani na kutia madoa madogo yenye duara jeupe kwenye tunda, kama jicho la ndege. Huo unaweza kupita mstari mzima kwa siku moja ya kupogolea. La tatu ni mnyauko bakteria, ambao kwa kawaida unaanzia kwenye udongo lakini kisu kinausaidia.

Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, kata kipande cha shina la chini sentimita 10, futa mkato, kisha ukishike wima ncha yake ikiwa ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona michirizi myeupe kama maziwa ikishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Ng'oa mche na mizizi yake, na usipogolee jirani zake siku hiyo.

Ugonjwa unaoitwa rasta, ule wa majani kujikunja kuelekea juu na kuwa ya njano huku mche ukidumaa, hausambazwi kwa mikono. Unaletwa na nzi weupe. Kuondoa machipukizi hakuutibu. Kunasaidia tu kwa kufungua mche ili nzi waonekane na dawa iwafikie.

Utaratibu unaookoa shamba ni mwepesi: anza na mistari yenye afya, malizia na yenye mashaka. Mche unaoonekana mgonjwa usiuguse hadi mwisho, na ukiugusa iwe ni kuung'oa.

Vipi kuhusu kantangaze?

Kantangaze ni mdudu ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya. Nondo wake hupenda kutaga kwenye majani machanga na machipukizi. Kwa hiyo kuyaondoa mapema kunaondoa mayai na viwavi, kwa sharti moja: yasibaki shambani. Yakitupwa kati ya mistari, kiwavi anatoka kwenye chipukizi linalonyauka na kutafuta mche. Tembea na ndoo au mfuko, na ukimaliza fukia kwenye shimo la nusu mita au choma yakishakauka. Mfuko wa plastiki uliofungwa na kuachwa juani siku kadhaa nao unafanya kazi nzuri.

Usiwape mbuzi wala sungura. Majani ya nyanya yana sumu ya asili inayoweza kuwadhuru.

Na kama umepulizia dawa, soma kwenye kibandiko muda wa kukaa nje ya shamba kabla ya kuingia kupogolea. Mikono yako inapita kwenye kila kwapa, mahali dawa inapojikusanya. Vaa glavu.

Chipukizi limeshakuwa kubwa, sentimita 30 na maua juu. Nilikate?

Usilikate lote siku hiyo, hasa kama yako mengi. Mche uliozoea majani mengi ukivuliwa ghafla unashtuka na matunda yake yanaungua. Fanya hivi: kata ncha ya chipukizi ukiacha majani mawili ya chini. Ukuaji wake unasimama, majani mawili yanabaki kulisha na kutia kivuli. Kwenye shamba lililoachwa wiki kadhaa, anza na machipukizi ya chini, ondoa mawili kwa mche wiki hii, mawili wiki ijayo. Lile lililo chini ya kishada cha kwanza, kama limeshika maua mazuri, ligeuze kuwa shina la pili na ulifungie kamba yake.

Nimevunja kilele cha shina kuu badala ya chipukizi.

Inatokea, hasa pale ambapo chipukizi na kilele vina unene mmoja. Acha chipukizi la juu kabisa lililobaki, lifunge kwenye kamba, litachukua nafasi ya kilele. Utachelewa siku 7 hadi 10 kwa mche huo. Ili isijirudie, kabla ya kuvunja chochote karibu na juu, tafuta jani lililo chini yake. Kama kitu hicho kimekaa kwapani mwa jani, ni chipukizi. Kama una shaka, subiri siku tatu, tofauti itaonekana.

Wakati mwingine kishada cha maua kinatoa jani au chipukizi mwishoni mwake. Ni ugonjwa?

Si ugonjwa. Hutokea mche ukiwa na nitrojeni nyingi au hali ya hewa ikibadilika. Katisha jani hilo kwa vidole, acha maua.

Majani ya chini nayo yaondolewe?

Ndiyo, kwa nyanya ndefu, lakini kwa wakati wake. Kwanza yale yanayogusa udongo, ili sentimita 30 za chini ziwe wazi na matone ya mvua yasirushe udongo wenye vimelea vya bakajani tangulia. Baadaye, matunda ya kishada cha kwanza yanapofikia ukubwa wake kamili na kuanza kubadilika rangi, ondoa majani yaliyo chini ya kishada hicho. Usizidishe majani 2 hadi 3 kwa mche kwa wiki. Mche wa shina moja ubaki na majani 12 hadi 15 wakati wote.

Jani la kijani lililo juu ya kishada kinachokua usiliguse hata kama linaonekana "linaziba". Tunda linaiva kwa joto, halihitaji kuangaliwa na jua moja kwa moja. Wanaolivua kwa kutaka rangi iwahi ndio wanaopata nyanya zenye bega jeupe.

Matunda yangu yana baka jeupe upande wa jua, au yanaoza kitako. Ni kwa sababu nimepogolea?

Baka jeupe linalokauka kama karatasi ni kubabuka na jua. Hiyo ndiyo, inatokana na kuvua majani kupita kiasi. Kwenye maeneo ya joto kali msimu wa kiangazi, acha shina la pili, au acha jani moja juu ya kila chipukizi unalolikatisha badala ya kulitoa lote.

Kuoza kitako, lile doa jeusi lililobonyea chini ya tunda, chanzo chake ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na mara nyingi sababu yake ni maji ya leo mengi, kesho hakuna. Miche iliyopogolewa na kusimamishwa hupata tatizo hili zaidi ya ile ya kichaka, na hupasuka zaidi pia. Dawa yake si kuacha kupogolea. Mwagilia kidogo kidogo bila kuruka siku, tandaza nyasi kavu sentimita 5 hadi 8 kuzunguka shina, na usizidishe mbolea za nitrojeni.

Machipukizi yanatoka mengi kupita kiasi, kila nikigeuka yapo. Kwa nini?

Angalia mbolea. Yurea nyingi, CAN nyingi au samadi mbichi hufanya shina kuwa nene kuliko kidole gumba, majani ya kijani kilichokolea yaliyojikunja chini, machipukizi kila kwapa na maua yanayopukutika. Punguza nitrojeni, na maua yakishaanza hamia kwenye mbolea yenye potasiamu zaidi. Kisu hakitashindana na gunia la yurea.

Kilele nacho kikatwe?

Kwenye nyanya ndefu, ndiyo, msimu unapokaribia mwisho. Tangu ua kufunguka hadi tunda kuiva zinapita siku 45 hadi 60 kwenye maeneo ya joto, na zaidi kwenye baridi. Ukitaka kung'oa shamba mwisho wa Juni, maua yanayofunguka baada ya mwanzoni mwa Mei hayatawahi. Kata kilele majani mawili juu ya kishada cha mwisho unachokitaka. Majani hayo mawili ni ya kulisha na kukifunika kishada hicho. Baada ya hapo machipukizi yatatoka kwa kasi kwa wiki mbili hivi, yapitie bila kuchoka.

Naweza kupanda machipukizi niliyoyaondoa?

Unaweza, na kwa mkulima wa mbegu chotara hii ni hazina. Mbegu ukizikamua kwenye tunda la chotara hazitoi mche kama mama yake. Chipukizi linatoa mche ule ule hasa, na unawahi kuzaa kuliko wa mbegu.

Chagua chipukizi la sentimita 12 hadi 15 lisilo na maua, kutoka mche wenye afya tele. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili au matatu ya juu. Lichomeke sentimita 5 kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji uliolowana, weka kivulini, nyunyizia asubuhi na jioni. Mizizi inatoka ndani ya wiki 1 hadi 2. Anza kulizoesha jua siku ya kumi, pandikiza wiki ya tatu. Ukitumia glasi ya maji, badilisha maji kila baada ya siku mbili na uhamishe mizizi ikifika sentimita 2, kwani mizizi ya majini ikirefuka hukatika udongoni.

Hatari yake ni moja na ni kubwa: virusi vya mama vinakwenda na mtoto. Shamba lenye rasta au batobato usichukue chipukizi, hata kwenye mche unaoonekana mzima. Na kagua chini ya kila jani kama kuna mayai ya nzi weupe na mashimo ya kantangaze kabla ya kupeleka kitaluni.

Nyanya ndogo za mviringo na za kwenye ndoo zinapogolewaje?

Nyanya ndogo ndefu ziachie mashina 2 hadi 3, mavuno yake ni ya idadi. Kwenye ndoo ya lita 20 au gunia, mizizi haina nafasi ya kulisha kichaka, kwa hiyo nyanya ndefu iwe shina moja kwenye mti wa mita 1.8. Nyanya fupi ndani ya ndoo iache kama ilivyo, ifunge tu isianguke.

Miche yangu imeunganishwa juu ya shina jingine. Kuna tofauti?

Ipo. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu la muungano ni la mche wa chini, iwe nyanya mwitu au bilinganya, na likiachwa litaunyima chakula mche wa juu. Liondoe siku unapoliona, hata kama mche bado haujafikisha kishada cha kwanza. Hakikisha pia kovu linabaki juu ya udongo, sentimita 3 au zaidi. Ukipandisha udongo hadi likafunikwa, mche wa juu utatoa mizizi yake na ugonjwa wa udongo utaingia kupitia hapo.